Kadi ya Mwisho

Kompyuta yenyewe hatukuiona hata siku moja. Ilikuwa Nairobi. Sisi tulikuwa Kakamega, katika chumba cha chuo kilichokuwa bado kinanuka rangi, miaka michache baada ya bendera yetu kupandishwa. Tulichokuwa nacho ni fomu zenye vijisanduku, penseli na raba. Unaandika programu yako, herufi moja kwa kila kijisanduku, na Alhamisi saa nane mchana mwalimu anatia fomu zote katika bahasha moja inayopelekwa kwa basi. Huko Nairobi wasichana wanatoboa maneno yetu kwenye kadi, mashine inasoma kadi, na Alhamisi inayofuata tunaletewa karatasi ya majibu. Wiki nzima unangoja kujua kama uliweka nukta pahali pake. Mimi si mtu wa kungoja. Wiki ya kwanza nilivunja vikombe viwili.

Wanawake tulikuwa wawili kati ya wanaume kumi na mmoja: mimi na wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Sote tulikuwa tumemaliza sekondari, sote tuliishi boma moja huko Khayega. Mume wangu alifanya kazi mbali na alikuja nyumbani alipokumbuka. Mimi nilikuwa na mtoto wa miezi saba na mama mkwe ambaye nilimwomba hata sabuni. Nilitaka cheti cha mafunzo yale kama mtu anavyotaka mlango katika nyumba inayowaka.

Siku ya kwanza mwalimu, kijana aliyesoma ng'ambo, alitugawia karatasi ya sheria. Kazi ikichelewa, sifuri. Watoto wasiletwe darasani. Sheria ya sita ilisema kila mtu afanye kazi yake peke yake, na anayeonyesha pamoja na anayeonyeshwa wote wanapata sifuri. Ukipata sifuri mbili, unatoka. Niliisoma ile karatasi nikaona wazi kwamba aliyeiandika anafuliwa nguo na mtu mwingine.

Sasa, kwetu hakuna mwanamke anayepalilia peke yake. Leo tuko kwangu, kesho kwako. Kila mmoja anashika mstari wake, na hakuna anayetoka shambani kabla wa mwisho hajatoka. Mwenye shamba anaweka chungu cha uji kule mistari inakoishia. Ukikifikia chungu, umemaliza, unakunywa. Kwa hiyo kazi ya kwanza tuliigawana vivyo hivyo. Wifi aliandika nusu ya juu, mimi nusu ya chini, kisha kila mmoja akanakili yote. Tukazibana fomu zetu kwa pini moja, tukampelekea mwalimu kwa fahari.

Alitupa sifuri wote wawili.

Nilimfuata hadi mlangoni. "Mwalimu, nyumba yenu kule nyumbani ulijenga peke yako?"

"Hapana, mama. Lakini hakuna aliyenipa cheti cha kujenga."

Jibu lile lilinichoma kwa sababu lilikuwa sawa. Nilitembea hadi Khayega bila kusalimu mtu.

Kazi ya pili ilikuwa hivi: programu isome magunia ya mahindi ya kila shamba, shamba moja kwa kadi moja, kisha itoe wastani. Jumanne tulikuwa tunapalilia kwa wifi. Nilikuwa nimeinama, kichwa kimejaa kadi, najiuliza mashine itajuaje kwamba mashamba yamekwisha. Nikainua macho nikaona chungu. Basi. Unaweka kadi ya mwisho isiyo na shamba, yenye namba ambayo hakuna anayeweza kuivuna, na unaiambia mashine ikiiona isimame. Nilicheka peke yangu.

"Unacheka nini?" wifi akauliza kutoka mstari wa pili. "Halafu niambie, hizi kadi zikiisha, inajuanga namna gani?"

"Sheria ya sita, wifi."

"Haya, mwalimu," akasema, akaendelea kulima.

Usiku wa Jumatano mtoto alipata homa. Asubuhi nilikuwa zahanati ya Iguhu kwenye foleni ya dawa, mtoto mgongoni, fomu juu ya goti, namalizia vijisanduku. Mama mmoja aliniuliza kama ninaandika barua ya kumshtaki mume. Nikamwambia bado. Mtoto alipodungwa sindano, saa sita ilikuwa imepita. Nilipanda lori la mbao, na nilipoingia darasani, mtoto mgongoni na sheria mbili nimezivunja, saa nane na robo ilikuwa imepita.

Wanaume wote walikuwa wameshatoa kazi. Wifi alikuwa amekaa na fomu yake mapajani.

"Nimekuuliza mara tatu kwa nini hutoi," mwalimu alikuwa akimwambia.

"Sijamaliza."

"Na penseli iko nyweleni?"

"Nafikiri, mwalimu."

Wifi aliponiona akainuka, tukaziweka fomu mezani pamoja, mbili, bila pini. Alikuwa amejichelewesha makusudi. Mwalimu alizilinganisha mstari kwa mstari, akaona hazifanani. Alimtazama mtoto. Bahasha ilikuwa wazi bado. "Mnapunguziwa alama kumi kila mmoja," akasema, akazitia ndani.

Alhamisi iliyofuata karatasi yangu ilirudi na wastani wake, safi kabisa. Ya wifi ilikuwa na mstari mmoja tu: mashine ilisoma kadi zote, ikaendelea kutafuta nyingine, haikuipata, ikaitupa kazi. Sifuri yake ya pili. Alikunja karatasi, akaitia ndani ya blauzi, akatoka kabla hajaambiwa.

Nilibaki, na cheti nilikipata baadaye. Watu huniuliza kwa nini uso wangu umekunjamana. Mwalimu namkasirikia, na ile karatasi yake pia. Lakini mwalimu hakuwa shambani Jumanne. Neno moja lingetosha, na mtu aliyelihitaji alikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwangu. Siwezi hata kusema niliogopa sheria. Nilifurahi kujua kitu ambacho yeye hakijui.

Jumamosi ya wiki ile ilikuwa zamu ya shamba langu. Sikumtarajia. Nilikuwa nimeshaanza mstari niliposikia jembe likitua kando yangu.

"Wifi," nikasema. "Ile siku..."

"Palilia. Jua linakuja."

Tulikwenda hivyo mpaka katikati ya shamba, mtoto amelala chini ya kanga. Kisha akasimama, akanyoosha mgongo, akatazama mbele kule mistari inakoishia.

"Na leo umeweka chungu," akauliza, "ama hiyo pia ni ya kufanya peke yangu?"

Nilitazama. Sikuwa nimekiweka. Nilitupa jembe nikakimbia nyumbani kukichukua.