Mama Kupe na Mbwa wa Kinyozi

Mtaani wanamwita mke wangu Mama Kupe, na wanaodhani jina hilo linamkera hawamjui. Anafanya kazi kwenye maabara ya kliniki ya wanyama, chumba chembamba chenye sinki, friji ya sampuli na hadubini anayoifunika kwa kitambaa nilichomshonea mimi. Akienda kwa watu, mbwa ndiye husalimiwa kwanza. Anapekua masikio, anatenganisha vidole akisaka kupe, halafu anafunua mdomo aone kama ufizi una damu au umepauka. Mimi nikisema tu nimechoka, nami nafunuliwa mdomo. Nimeshazoea.

Jirani yetu kinyozi alikuwa na mbwa wa kahawia aliyeachiwa na marehemu mkewe. Baada ya mazishi, mbwa huyo ndiye aliyebaki kumsikiliza yule mzee. Basi mbwa akaanza kususa chakula, akawa analala kutwa nzima huku akitokwa na damu puani. Kinyozi akambeba mikononi mpaka kliniki, miguu inaning'inia, na hakukubali kusaidiwa.

Mke wangu alimtoa damu, akapaka tone kwenye kioo, akalitia rangi, akainamia hadubini. Kipimo cha haraka nacho kikaonyesha alichokuwa akikihofia: ugonjwa wa kupe, ule unaopunguza chembe za kugandisha damu. Daktari akaandika vidonge, akasisitiza viliwe pamoja na chakula ili tumbo lisichafuke. Unatibika, akamwambia kinyozi, mradi dozi isikatizwe.

Kinyozi hakukatiza. Hata hivyo, damu ilipopimwa tena ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Daktari akaanza kuzungumza kwa upole, na sisi watu wazima tunajua upole wa daktari una maana gani. Alisema mbwa asipopata nafuu karibuni, itabidi wafikirie kumpumzisha kwa sindano. Mke wangu akarudi nyumbani, akatia chumvi kwenye chai yangu badala ya sukari. Niliinywa bila kuuliza.

Asubuhi akanikokota twende kwa kinyozi saa ya dawa, eti nimbebee mfuko. Ndani ya mfuko hamkuwa na kitu. Alitaka tu tuonekane wageni wa kawaida. Kinyozi akatupokea jikoni. Akasaga kidonge kwa kijiko, akapasha maziwa, akakoroga taratibu, akapima joto kwa ncha ya kidole, ndipo akamwekea mbwa bakuli. Marehemu alikuwa akimpa maziwa kila asubuhi, alitueleza, na mbwa hakuwahi kuyakataa.

Nilimwona mke wangu akifumba macho. Maziwa huishika dawa ile tumboni, isiingie vizuri kwenye damu. Mzee wa watu alikuwa akimhudumia mbwa wake kwa mapenzi yote, na mapenzi hayohayo yalikuwa yakiiondolea dawa nguvu.

"Shemeji, kosa ni letu," mke wangu akasema. "Tulikwambia umpe na chakula. Hatukukwambia usimpe na maziwa."

Kinyozi akatazama bakuli. "Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa namuua?"

"Wewe ndiye uliyemfikisha leo. Sasa tunaanza upya. Kidonge kiingie ndani ya nyama, na maji juu yake. Maziwa mpe jioni."

Daktari akaafiki. Mke wangu akawa anapita kila siku kufunua ule mdomo, nami nikapumua, maana zamu yangu ilipungua. Ufizi ukaanza kurudisha wekundu. Damu ilipopimwa tena, chembe zilikuwa zimepanda. Daktari akataka dozi imalizwe yote, lakini habari ya kumpumzisha ikafa hapohapo. Kinyozi alikaa kwenye benchi la kliniki akalia waziwazi, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kesho yake akaja kuniomba nimsaidie kazi nyuma ya nyumba yake. Kando ya maua ya marehemu palikuwa na shimo. Alilichimba siku zile za upole wa daktari, wala hakumwambia mtu. Tukashika makoleo, tukalifukia. Tulipomaliza kushindilia udongo, mbwa akaja, akanusa, akaanza kulichimba upya kwa miguu yote miwili ya mbele, udongo ukiruka mpaka kwenye suruali zetu. Nikainua mkono nimfukuze.

"Mwache," kinyozi akasema. "Achimbe."