Usipige Vigelegele Kabla ya Kondo

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya uzazi nilitolewa nje kwa kosa la kusema hongera.

Nilikuwa msichana wa Mbeere aliyetoka chuo cha uuguzi juzi juzi, sare imepigwa pasi ikanyooka. Mtoto wa kwanza kuzaliwa mbele ya macho yangu alilia kwa nguvu hata nikasahau niko wapi. Nikapiga makofi, nikamwambia yule mama, "Hongera!" Mkuu wa wodi, ambaye sote tulimwita Inchaji, hakugeuka. Mikono yake ilikuwa bado kazini. Akasema tu, "Wewe mwenye arusi, toka nje. Ukimaliza kucheza, urudi tuzalishe."

Nilisimama nje ya mlango nikijifuta machozi. Alipotoka aliniuliza, "Kazi imeisha?"

"Mtoto ametoka, Sista."

"Mimi nimekuuliza kazi."

Ndipo akanieleza, pale pale, jambo ambalo chuoni nilikuwa nimelijibu katika mtihani bila kulielewa. Mtoto akizaliwa, bado kondo la nyuma, ile nyama iliyokuwa ikimlisha tumboni. Lisipotoka, au likiacha kipande ndani, mji wa mimba haujikazi, na mama anavuja damu huku watu wanamtazama mtoto. "Akina mama wengi," alisema, "wanatuponyoka wakati huo ambapo kila mtu anacheka."

Inchaji alizaliwa Majengo hapa Embu, binti wa mwenye bucha, na Kiswahili chake kilituacha mbali sisi wa kujifunzia darasani. Aliyapanga maneno kama alivyopanga vifaa vyake kwenye sinia. "Bashasha ni ya uso," alitufundisha. "Mpe mama hiyo tangu anapoingia, maana mikono inaendelea na kazi. Furaha ni ya moyo. Hiyo ni yako, kaa nayo. Lakini shangwe si yako. Shangwe ni ya watu, na nderemo na vifijo ni wanawe. Ikishatoka mlangoni, hairudi hata ukiiita kwa jina."

Basi katika wodi yake mtoto akitoka tulisema, "Amefika." Akilia, "Mzima." Kondo likitoka kamili, tulisema, "Tunashukuru." Hongera ilingoja mpaka damu ikatike na mama anywe uji. Vigelegele, ambavyo sisi huku tunaviita ngemi, vilikuwa marufuku mpaka mama aende nyumbani. Wenzangu walinung'unika kwamba anatunyima raha ya kazi yetu, nami nilinung'unika nao. Yeye alijibu, "Wanasema usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Mimi nasema hata akizaliwa, makasi yangoje."

Nilipopata uhamisho wa kwenda Gachoka, nilikwenda na wasiwasi wake wote. Tulikuwa wachache pale zahanati, joto la Mbeere linabana, na mimi kila nikisikia mtoto amelia, nilikimbilia kuangalia damu ya mama. Niliwachungulia akina mama waliolala usingizi mzuri, nikawaamsha kuwauliza kama wamelala vizuri. Afisa wa kliniki aliyekuwa mkubwa wangu, mtu wa utani, aliniambia, "Sista, wewe siku ukiingia mbinguni utauliza kama kondo limetoka." Nilicheka, kisha nikaenda kuchungulia tena.

Kutoka huko nilipelekwa Kibirichia, kule Meru kwenye baridi na viazi, na huko ndiko nilikoona shangwe ikitoka mlangoni.

Mama mwenyewe aliitwa Kendi. Alikuwa amekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, na maneno ya watu alikuwa ameyala hadi akashiba. Asubuhi alipoletwa, mama mkwe wake alikuja na wanawake wa kwao, wamebeba uji wa wimbi kwenye mitungi, wakakaa kwenye nyasi chini ya dirisha letu. Niliwasihi wangoje kimya. Mama mkwe akaniambia, "Sista, mimi nimengoja mpaka kungoja kukanichoka. Wewe fanya yako."

Mtoto akaja, msichana, akalia. Ukuta ulikuwa wa mbao. Nje nikasikia mama mkwe akivuta pumzi, na ngemi ya kwanza ikapasua hewa. Wenzake wakaipokea. Wanawake waliokuwa wakichimba viazi ng'ambo ya barabara wakaipokea kwao, na mlima wa pili nao ukaitika.

Ndani, kondo halikutoka. Kilichotoka ni damu. Nilichoma sindano ya kukaza mji wa mimba, nikakanda tumbo lake kwa ngumi, nikamwita kwa jina. Mama anayevuja damu huanza kupunguza maneno, na mkunga humsikiliza kama unavyosikiliza sufuria kama imechemka. Lakini zile kelele! Niliinamisha sikio hadi mdomoni mwake na bado sikujua kama amenijibu.

Nilimwachia mwenzangu, nikakimbia mlangoni kumwita dereva wa gari letu la wagonjwa. "Gari!" nilipiga kelele. "Leteni gari!" Dereva alikuwa katikati ya wanawake, akicheza. Mama mkwe akanirukia, akanikumbatia, akanizungusha. Nilikuwa na glavu za damu mikononi, na aliona ni damu ya uzazi, damu ya heri.

"Hata Sista anacheza!" alisema. "Mungu amekumbuka sisi! Cheza, Sista, cheza!"

Nilimshika mabega yule nyanya wa mtoto. "Cucu, Kendi anavuja damu. Atatuacha. Nataka gari saa hii."

Alinyamaza mdomo ukiwa bado wazi. Wanawake wake wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, dereva akakimbia. Lakini mlima wa pili haukuwa umesikia. Kule waliendelea.

Tulimpakia, mama mkwe akambeba mtoto, tukateremka kwenda hospitali kubwa ya Meru. Nilikuwa nimepiga magoti nikikanda tumbo lile bila kuacha. Na njia nzima, jamani, watu walikuwa wametoka mashambani. Habari ilikuwa imetutangulia. Waliona gari, wakajua ni mama anarudishwa nyumbani na mtoto wake, wakatupigia ngemi kutoka kila boma, wakipunga majembe. Nimesikia milio mingi katika kazi hii. Hakuna ulioniogopesha kama ule.

Kendi alifungua macho. "Wanafurahia nini?" aliniuliza.

"Wewe," nikamwambia. "Wanafurahia wewe. Sema nami, Kendi. Usinyamaze."

Pale hospitali walimchukua wakafunga mlango. Mama mkwe na mimi tulikaa kwenye benchi. Nilimwona akijiziba mdomo kwa kitenge, kama anayeogopa utatoa kitu tena. Jua lilipoegemea, daktari wa zamu alitoka, mtu wa maneno machache. Akasema, "Ameamka. Anauliza mtoto yuko wapi."

Nilijiandaa kwa mlio. Haukuja. Yule mama mkwe aliteleza kutoka kwenye benchi hadi sakafuni, mtoto kifuani, akalia bila sauti. Wanafunzi hufundishwa kuandika kwamba mtu alifurahi ghaya ya kufurahi, akabubujikwa na machozi. Mimi nimeyaona machozi hayo mara moja tu yakiwa kweli, na hayakuwa na kelele yoyote. Nilikaa chini karibu naye, nikalia pia.

Sasa nimestaafu, ninaishi mtaa wa Dallas, hapa hapa Embu mjini. Wauguzi vijana wanaopita kunisalimu huniuliza nini kilikuwa kigumu, nami huwaambia ni furaha. Uchungu una dawa zake. Furaha usipoishika vizuri inakuziba masikio.

Juzi binti yangu Wanja alijifungua Meru. Nilizuiwa kwenda kwa sababu, alisema, ningewatisha madaktari. Nilishinda na simu mkononi, chai ikaganda utando. Mkwe wangu akapiga, akipiga mayowe ya furaha. "Mami, ni msichana! Tuko na furaha mpaka basi!"

"Kondo limetoka?"

"Ati nini?"

"Kondo! Damu inatoka kiasi gani? Nani yuko na yeye?"

Hakujua. Nikaliona lile gari, nikasikia ule mlima wa pili. Kisha nikasikia simu ikibadilisha mikono.

"Mami." Alikuwa Wanja mwenyewe. "Kondo imetoka yote, sista ameiangalia mara mbili. Damu imekata. Nimekunywa uji. Sasa Mami, umezalisha watu wote hii dunia na hujawahi kupigia mtu ngemi. Mimi nataka zangu."

Nilisimama dirishani. Mlio wa kwanza ulitoka kama kikohozi. Wa pili ulipanda. Jirani wa ghorofa ya chini, ambaye hakujua ni nani amezaliwa wala wapi, akaupokea, na mwingine ng'ambo ya barabara akampokea yeye. Nilipiga ngemi zote zinazohesabiwa kwetu msichana akizaliwa, mpaka machozi yakaingia mdomoni. Wanja alikuwa akicheka kwenye simu.

Nilipomaliza, nilimwuliza tena kama damu imekata.