Mkono wa Kaka Simeoni

Usiku ule nililala vidole vikiniuma. Hoteli moja hapa Morogoro ilikuwa inatafuta mpiga gitaa wa kupiga peke yake jioni nzima: rumba, nyimbo za zamani za vidole viwili, gumba na cha shahada, na tenzi za kanisani siku za Jumapili. Majaribio yalikuwa yamebakiza siku tatu. Kila mtindo niliuweza ukiwa peke yake. Shida ilikuwa kuvuka. Nikitoka kwenye rumba, ninayoipiga kwa kipande cha plastiki, kwenda kwenye vidole viwili, kidole gumba kiligoma kushika besi. Nikienda kwenye tenzi, mkono uliendelea kudonoa badala ya kufagia nyuzi zote kwa pamoja. Nikajiambia, kesho nawapigia simu, nawaambia siji.

Usingizi ukanichukua, nikajikuta jikoni kwa mama, Dodoma. Kaka Simeoni amekaa kwenye kigoda, gitaa mapajani. Ndiye aliyenifundisha kupiga, na tulimzika miaka minne iliyopita. Sikuogopa. Nilijisikia kama mtu aliyeingia kanisani kwa haraka akakuta watu wote wamepiga magoti.

"Kaa, Neema," akasema.

Nikakaa sakafuni. Anapiga rumba, na jiko linakuwa ukumbi wa dansi. Nasikia viatu vya wachezaji ingawa siwaoni. Kisha anaacha. Analaza mkono juu ya nyuzi, anashusha pumzi, anasubiri mpaka mlio wa mwisho uishe kabisa. Kile kipande cha plastiki anakitia kwenye mfuko wa shati. Kidole gumba kinaanza kutembea kwenye besi, cha shahada kinaimba juu yake, na sasa tuko barazani kwa shangazi, mvua inanyesha. Anaacha tena. Anasubiri tena. Halafu mkono mzima unafagia nyuzi, na ukuta wa kanisa unasimama mbele yetu, mrefu, mweupe, nami nalia bila kujua nalilia nini.

Hapo ndipo nilipouona mkono wake wa kushoto. Ule uliopooza. Katika mwaka wake wa mwisho mkono huo haukuweza hata kushika kikombe. Alilishwa na mama, na bado alizidi kukonda. Sasa vidole vinapanda na kushuka kwenye shingo ya gitaa, vyepesi, havina haraka.

"Kaka, mkono wako!"

"Umepona. Mwambie mama." Akaniangalia kwa muda mrefu. "Na wewe, Neema, unaingia nyumba za watu bila kupiga hodi. Simama mlangoni kwanza."

Nikaamka. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Kabla hata ya kunawa uso nilichukua gitaa, nikapiga rumba, nikalaza mkono juu ya nyuzi na kusubiri mlio uishe. Nilipoanza wimbo wa vidole viwili, kidole gumba kilishika besi chenyewe. Nikaogopa kuendelea. Kisha nikaendelea, mpaka kwenye tenzi, na mkono ukafuata.

Watu wa hoteli sikuwapigia. Nilimpigia mama, nikamsimulia yote.

"Neema," akauliza, "alikuwa amenenepa kidogo?"

Nikafumba macho nimtazame tena.

"Ndiyo, mama. Amenenepa."