Shuka Moja na Jua Lote Lile

Jua lilikuwa kali uani, nguo za majirani zimeshakauka kambani, na yeye, fundi cherehani mzima, kapiga magoti nyuma ya mashine ya kukaushia nguo, jasho linamtiririka. Mkanda unaozungusha pipa ulikuwa umekatika. Kuufikia tu kulitaka kufungua skrubu utitiri, na moja ilikuwa imeshika kutu, haigeuki ng'o.

"Mke wangu, si uanike nje?" aliuliza mumewe kutoka kwenye kochi. Mtaa mzima walimwita Mjuaji, na jina lenyewe alilipenda, masikini.

"Njoo unishikie tochi, au ninyamazie."

"Jua la bure hilo! Halafu huo mkanda utauvalisha kinyume."

Kinyume! Mikanda ya cherehani ameivalisha tangu hajaolewa. Lakini angemjibu nini? Baba mkwe, tangu ahamie kwao, alikuwa analowesha kitanda. Kila asubuhi mzee huificha shuka chini kabisa ya kapu, akatoka kutembea. Yeye huifua, akaikausha, akaitandika kabla mzee hajarudi. Hawajawahi kulitamka, mtu na mkwewe hayo hawaambiani. Na kamba ya uani iko mbele ya madirisha ya watu wote. Shuka ile ile kila siku, mbea gani asingeuliza? Kumwambia Mjuaji nako ni kuchota maji kwa pakacha.

Akaing'ang'ania ile skrubu yenye kutu kwa nguvu zote. Bisibisi ikateleza, ikamchuna kidole.

"Mashine mwanaharamu!"

Hapo ndipo Mjuaji alipoinuka. Kwa tochi? Thubutu! Alikwenda kwenye beseni. "Kumbe ni shuka moja tu? Naianika mwenyewe, tupumue!"

"Iache!"

"Kwani ina nini?"

"Nimesema iache!"

Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba, mwone mkweo," Mjuaji akasema. "Jua lote hili, anapigana na mashine kwa shuka moja!"

Mzee alikitazama kile kidole kinachovuja damu. Akalichukua beseni mikononi mwa mwanawe.

"Shuka ni yangu. Nalowesha kitanda," alisema. "Mwenzio anahangaika ili usijue."

Mkwewe akaitupa bisibisi, akalia kwa hasira na huruma.

Mzee akatoka uani, akaitandaza shuka katikati ya kamba, akaivuta pembe zake. Jirani akachungulia dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akaitikia, akabana kibanio kingine.