Jalada Moja, Santuri Nyingine

Masikio ya Lesiba Sebothoma yaliliwa na nyundo. Alikuwa fundi wa matangi ya chuma, na enzi zile mtu aliingia ndani ya tangi akalishikilia bati huku mwenzake akiligonga kwa nje. Alipostaafu, sikio la kushoto lilikuwa limeshazima na la kulia linapapasa.

Lakini hapa mtaani Mamelodi hakuna aliyemjua kwa matangi. Kwetu alikuwa Bra Lesiba, yaani Kaka Lesiba, wa santuri. Chumba chao cha mbele kilijaa rafu mpaka darini, jazi ya Marekani na jazi ya kwetu, na mkewe Makgabo alikuwa akisema kwamba wageni wakija watawakalisha juu ya santuri, maana viti havina pa kukaa.

Chama chetu cha wapenzi wa jazi hukutana Jumapili mchana, kila mara kwenye ua wa mwanachama mwingine. Wanaume huvaa viatu vya rangi mbili na kofia, wanawake hupendeza kushinda siku ya harusi. Mwenye zamu hutoa santuri, jalada hupita mkono kwa mkono, sindano ikishuka kila mtu huinuka akafuata chombo akipendacho. Huyu hufuata besi kwa magoti, yule ngoma kwa mabega. Bra Lesiba alifuata saksafoni. Alifumba macho, vidole vikatembea hewani, na ungeapa kwamba sauti inatoka kwake. Wageni kutoka mtaa wa Atteridgeville wakija, walimpita mwenyekiti ili wakamsalimu yeye kwanza.

Mwenyekiti alikuwa Obed Tlhako, mwenye bucha. Hilo la kupitwa lilimkaa rohoni kama mfupa.

Sikio la kulia lilipozima nalo, Lesiba alimwambia mkewe peke yake. Tangu siku hiyo Makgabo akawa masikio yake. Jalada lilipopita, Lesiba alilitazama akajua ni wimbo gani. Sindano iliposhuka, Makgabo alimgusa mgongoni kwa kidole, na Lesiba akaondoka nao kutoka kichwani mwake, noti kwa noti, mpaka mwisho. Hakuna aliyeng'amua, hata mimi jirani yao.

Ila Obed alimpigia honi barabarani siku moja, honi ya gari la nyama, karibu amgonge, na Lesiba hakugeuka. Obed akapunguza mwendo, akamfuata nyuma polepole hadi kona, akiipiga ile honi. Alituhadithia mwenyewe baadaye, kwa raha zake.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya Obed. Ua ulijaa, wa Atteridgeville nao walikuwepo. Mimi nilikuwa jikoni napakua ugali na matumbo, nikamsikia Obed akisema mlangoni, "Shemeji Makgabo, hebu wasaidie wenzako huku. Hii sosi bila mkono wako hailiki."

"Nimekaa na mzee, Bra Obed."

"Mzee ataibiwa? Nenda, mama. Nitamtunza mimi."

Makgabo akaingia jikoni, akitazama nyuma. Kule uani Obed alipitisha jalada. Ulikuwa wimbo wa mbio, ule uliompa Lesiba sifa kuliko nyimbo zote. Lakini santuri aliyoiweka kwenye mashine haikuwa ya jalada lile. Ilikuwa ya maombolezo, piano peke yake, polepole, ile ambayo chama huipiga tukimzika mwenzetu. Obed akashusha sindano, akamgusa Lesiba mgongoni kwa kidole. Hata hilo alikuwa ameliona.

Lesiba akainuka, akafumba macho, akaanza kukimbia.

Mwanzoni watu walidhani anatania. Piano inadondosha noti moja, inangoja, na yeye viatu vinapiga sakafu kama mvua ya mawe, vidole vinaparamia saksafoni ambayo haipo. Kisha mtu mmoja akaelewa, akamnong'oneza wa pembeni. Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele. Lesiba alifumbua macho akaona meno ya watu wote. Akafurahi. Akazidisha.

"Mpe nafasi, mpe nafasi," Obed alikuwa akisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Bra Lesiba, tena. Wa Atteridgeville hawajashiba."

Wakampigia makofi, wakifuata miguu yake badala ya piano. Aliloa jasho, kofia ikaanguka, hakuiokota. Makgabo alitoka jikoni na sufuria mkononi, akaiweka chini palepale, akaenda kuinua sindano. Lesiba aliendelea kucheza. Ua mzima ulikuwa kimya sasa, ni viatu vyake tu vinavyosikika, mpaka mkewe alipomshika bega.

Njiani alimwuliza, "Nimecheza vizuri?"

Makgabo akamgeukia ili aone midomo yake. "Vizuri sana."

Ukweli alipewa na Obed mwenyewe, wiki ile ile. Alikuja na wanachama wawili, wamevaa tai, akaketi akasema pole pole, akiupanua mdomo kama anayemlisha mtoto. "Jumapili ulicheza wimbo wa msiba, mzee wangu. Kila mtu anajua. Sasa kiziwi na santuri ni sawa na kipofu na kioo. Chama kinaomba kikutunzie."

Lesiba alimtazama mkewe. Makgabo akainamisha macho, na hapo mzee akajua.

"Njooni Jumamosi na gari," akasema. "Mtazikuta tayari."

Siku zilizobaki alikaa chumba cha mbele na msumari wake wa kazini, ule wa kuchorea alama kwenye bati. Alichomoa santuri, akaikwaruza kutoka ukingoni hadi katikati, upande huu na upande ule, akaifuta vumbi, akairudisha ndani ya jalada lake. Mlio ule nilikuwa nausikia nikiwa kwangu, unakereza meno. Makgabo aliziba masikio kwa leso. Yeye fundi hakusikia chochote.

Jumamosi walizipakia kwenye gari la nyama, wakashukuru sana. Jumapili Obed aliwaalika watu wa mbali waje kuona hazina ya chama. Aliweka ya kwanza, ikakoroma. Ya pili. Ya tatu. Alichomoa za katikati, za chini, na wageni wakaanza kuchukua kofia zao. Chama hakikufika Krismasi.

Makgabo alikuwa na santuri yake moja, aliyonunuliwa na Lesiba walipokuwa wachumba, na haikukaa na nyingine. Alikuwa ameiweka kabatini kwenye nguo. Aliikuta na mkwaruzo uleule.

"Hata yangu?" akamwuliza, akiiinua mbele ya uso wake.

"Hata hiyo," Lesiba akajibu. "Na wewe ulikuwa jikoni."

Makgabo alikwenda kwa dada yake Hammanskraal, akakaa huko majira yote ya baridi. Alirudi. Aliniambia si kwa huruma, ila nyumba imeandikwa kwa jina lake pia. Siku hizi tangu asubuhi anafungulia redio ya mahubiri, kwaya na kelele zote ambazo mumewe alizichukia maisha yake yote, sauti mpaka mwisho, hata sisi majirani tunalalamika. Lesiba hukaa pale pale pembeni ya redio, mbele ya rafu tupu, anakunywa chai yake.