Kazi ya Kwanza ya DJ Ejore

Watu wa mtaa wake pale Lodwar walikuwa na utani mmoja juu ya Ejore: kwamba Mungu alimpa kila kitu isipokuwa makalio ya kukalia. Utani wenyewe haukuwa mbali na ukweli. Mwanamume huyu alikula akiwa amesimama, alisali akiutazama mlango wa kanisa, na hata usingizini miguu yake ilimpiga mateke mkewe, Nasike. Kazi nazo alizipitia mbiombio. Aliendesha pikipiki akaichoka. Akaenda Lokichar kuwabebea vifaa wakandarasi wa mafuta, na kabla kazi haijapamba moto alikuwa ameshajirudia nyumbani, eti kule kuna vumbi. Kana kwamba Lodwar kuna zulia! Akauza samaki wakavu, akauza laini za simu, akaacha. Usimwite mvivu, tafadhali. Mvivu angalau hukaa.

Kwa hiyo siku alipoingia ndani na kutangaza kwamba sasa yeye ni DJ, Nasike hakucheka. Alikuwa akimwogesha mtoto wao. Alimaliza, akamfuta, akambeba mgongoni, ndipo akafungua kinywa.

"Ejore, mimi nimechoka. Hii ya muziki, fanya. Sikatai. Lakini ukiiacha katikati kama zile zingine, mimi narudi kwa baba, kule Lokori, na mtoto. Sitapiga kelele. Utakuja tu ukute sisi hatuko."

"Aah, Nasike. Hii ni tofauti."

"Zote zilikuwa tofauti."

Ejore alimjua mkewe. Nasike akifoka, mambo yalikuwa salama. Nasike akisema kwa sauti ya chini hivyo, alikuwa ameshaamua, na hilo lilimtia Ejore baridi katika lile joto lote.

Akaenda kwa Lokuruka, fundi wa redio aliye nyuma ya soko, mzee mwenye hasira za karibu ambaye huwagombeza hata wateja wanaomlipa. Lokuruka alimwambia wazi: DJ anayeanza hana haja ya makubwa. Nyimbo zitoke kwenye simu. Mikisa ndogo ya mitumba, ya kuchanganyia sauti, inatosha. Nguvu zote aziweke kwenye spika na waya mzuri, kwa maana spika mbovu hazina dawa. "Na mambo ya taa za kumetameta, wachana nayo," alimaliza. Ejore akaitikia kwa heshima zote, akatoka, akaenda moja kwa moja kununua taa za kumetameta. Nyekundu na kijani, za kuzunguka. Jua la Turkana lingezimeza mchana kutwa, lakini nani angemwambia?

Mengine aliyafanya vizuri, tusimwonee. Spika alizitoa kwenye basi bovu lililokuwa limeoza kando ya gereji, na seremala akazitengenezea masanduku ya mbao nene. Amplifaya aliipata kwenye kanisa moja lililokuwa limenunua mpya. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, na sauti yake ilikuwa nzito vilevile. Lokuruka aliifungua, akaguna.

"Iko sawa. Lakini feni ya ndani imekufa. Niachie wiki moja nitafute ingine."

"Wiki! Fundi, niko na harusi Kakuma Jumamosi."

"Basi harusi itafute DJ mwingine."

"Nitaichunga, mzee wangu. Nitaichunga kama mtoto."

"Hii inataka kupumua, unasikia?" alisema Lokuruka, akimrudishia kwa shingo upande. Ejore alikuwa ameshafika mlangoni.

Harusi ilikuwa ya Mabior, kijana wa Sudan Kusini anayeuza nguo kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Walikutana sokoni Lodwar, Mabior akauliza kama kuna mtu mwenye muziki wa bei nafuu, na Ejore akajibu kabla swali halijaisha. Jumamosi hiyo alifunga safari na vifaa vyake na jenereta ya kukodi, akashuka kambini jua likiwa tayari limekasirika. Alipanga spika huku na huku, akavuta waya chini ya turubai, akatundika na zile taa zake. Bibi harusi, Amou, alipoingia akizungukwa na dada zake, Ejore aliwasha.

Sauti ilitoka! Ilipiga kifuani, vumbi likaruka, akina mama wakapiga vigelegele, vijana wakaanza kuruka kwa mistari kama wanavyoruka kwao. Ejore alisikia furaha mpaka macho yakamlowa. Akamwambia Nasike moyoni: unaona sasa?

Kisha muziki ukazima. Amplifaya ilikuwa imepata moto, haishikiki. Ilihitaji kupumzika kidogo tu, kivulini, wazi, na ingerudi yenyewe. Mtu mwingine angewaomba wageni waendelee na chakula. Ejore, je? Ejore alitazama huku na kule, akaona mtungi wa maji uliovikwa gunia lenye unyevu. Kila nyumba ya Turkana hufanya hivyo. Ukifunika mtungi kwa gunia bichi, upepo ukipita, maji huwa baridi kama yametoka kwenye friji. Alilelewa na maji hayo. Akavua gunia lile, akalichovya tena, akaifunika amplifaya vizuri, pande zote, akaiwasha.

Mashimo yote ya kupumulia yakawa yamezibwa, na maji yanachuruzika ndani. Ikalia pwaa, ikatoa moshi wa kijivu, na harufu ya plastiki iliyoungua ikawafikia hata waliokuwa kwenye sufuria za nyama.

Mabior alikuja mbio na suti yake. "Nini hii? Nini hii, ndugu? Mbele ya watu wote!"

"Dakika moja, bro. Naenda kutafuta waya."

Hakuwa anaenda kutafuta waya wowote. Miguu ilikuwa imemwasha. Alifika barabarani, akasimamisha pikipiki, akaweka mguu mmoja juu. Dereva akauliza wanaelekea wapi. Hapo Ejore akamwona Nasike wazi kabisa, si wa kufoka, yule wa sauti ya chini. Akaona na nyumba tupu. Akashusha mguu. Dereva akamtukana, na ilikuwa haki yake.

Aliporudi, alimkuta Mabior ameketi, ameshika tama.

"Kalas, imekwisha," alisema Mabior. "Wewe enda tu."

"Siendi. Nipe ile gari yako ya kubeba nguo. Iko na redio?"

Gari likasogezwa. Ejore akaingia, akang'oa kifuniko cha redio, akazivuta nyaya za spika zake mpaka ndani, akaziunganisha, akachomeka na simu yake yenye nyimbo. Tepu ya kufungia nyaya ilikuwa imekwisha, na kila bezi ilipopiga, nyaya ziliachana na sauti kukatika. Hakukuwa na njia nyingine: akazibana kwa vidole, mkono huu nyaya mbili, mkono huu mbili. Sauti haikuwa ya kutingisha Kakuma, lakini iliwatosha waliosogea karibu, nao wakasogea.

Basi mtu asiye na makalio akakaa. Jasho lilimwingia machoni na hakuweza kulifuta. Nzi alimtembea puani. Vidole vikafa ganzi, kila kiungo kikamwambia toka. Wimbo ukaisha, ukaingia mwingine. Aligeuza shingo mara moja tu kutazama barabara, nyaya zikateleza, na umati wote ukapaza sauti: "DJ!" Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo kabla ya siku hiyo. Akabana tena upesi. Anyieth, shangazi yake Mabior, alimletea maji, akamnywesha kama mtoto, kwa kuwa mikono haikuwa na nafasi.

Wageni walipoanza kuaga na Amou kuondoka na mumewe, Ejore aliachia. Vidole havikunyooka. Alibonyeza simu kwa kifundo cha kidole gumba.

"Nasike. Amplifaya imeungua."

"Uko njiani?"

"Hapana. Bado niko Kakuma."

"Bado uko huko? Harusi iliisha saa ngapi?"

"Sasa hivi. Nilipiga muziki mpaka mwisho. Nitakueleza. Nilikaa, Nasike. Nilikaa kabisa."

Alisikia pumzi yake, kisha mtoto akilia kwa mbali.

"Nguo zetu nilifunga asubuhi, vile ulitoka tu," alisema Nasike kwa sauti ileile ya chini. "Ngoja nizifungue."