Maana ya "Stable"
Karani wa masijala ya hospitali husoma kamusi kama mtu asomaye barua ya nyumbani, kidole kikitembea chini ya mstari, na sauti yake haipandi hata foleni ikifika mlangoni. Jana mama mmoja alimletea karatasi ya daktari. "Mwanangu, wameandika 'stable'. Binti yangu kalitafuta neno hilo, kaona ni zizi la farasi. Mume wangu wamempeleka wapi?" Karani hakucheka. Alimvutia kiti, akamfungulia kamusi. "Zizi ni kweli, mama. Lakini pia ni hali iliyotulia. Maana zote mbili asili yake ni neno la Kilatini la kusimama. Baba hajapona, ila hayumbi tena." Mama alilirudia neno lile mara tatu, akajifuta macho, kisha akauliza wodi ya wanaume iko upande gani.